Inuka Uje, Usinifanye Nirudie

Kuna watu hunifuata sokoni wakinisikia nabishana bei ya nyanya. "Samahani dada, si wewe yule wa hospitali?" Nawaambia mimi ni fundi cherehani, hospitali naingia nikiumwa kama mtu mwingine yeyote. Hawakubali. Mama mmoja aliniambia, "Wewe ndiye uliyenigombeza wiki ile nikaacha chai yangu mezani." Nikamwomba radhi, maana ni kweli nilimgombeza, ingawa saa hiyo mwenyewe nilikuwa dukani kwangu napiga pasi.

Wa kulaumiwa ni mdogo wangu wa kike. Tunamwita Waya. Siku hizi ana kampuni, ana ofisi ya ghorofani na vijana wanaomwita mkurugenzi, lakini jina hilo alilipata angali mtoto, siku Baba alipotaka kusikiliza taarifa ya habari akakuta redio yake imetandazwa sakafuni vipande vipande. Baba alifoka hadi majirani wakaja. Waya akamwambia atulie, anajua kila kipande kilikotoka. Akairudisha, ikalia. Kikabaki kipande kimoja mkononi mwake, na mpaka leo hakuna anayejua kilikuwa cha kazi gani.

Alisomea kompyuta, akaajiriwa kupokea malalamiko kwenye kampuni ya simu. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti kinachozunguka na kuitwa mwizi kutwa nzima na watu usiowaona. Aliivumilia. Aliyemtoa pale ni Mama.

Macho ya Mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akaenda kliniki ya macho, akakalishwa kwenye benchi asubuhi, na mchana akanyanyuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Aliporudi akaambiwa ameitwa hakuitika, aje siku nyingine. Sasa Mama yetu ni mpole ukimwacha, ila ukimchokoza hana dogo. Alichukua mkoba wake, akala kiapo mbele ya wagonjwa wote kwamba benchi lile halimwoni tena maishani, akarudi nyumbani. Tukambembeleza, wapi. Tukamtumia shangazi akamshawishi, naye akarudi amegeuka upande wa Mama.

Waya hakubembeleza. Aliniuliza tu, "Dada, hivi kwa nini mtu akeshe benchini kusubiri jina lake, na simu anayo mkobani?" Haukupita muda akaacha kazi.

Nilimwita mwendawazimu, sifichi. Halafu nikampa chumba cha nyuma cha duka langu, kwa sababu mwendawazimu mwenyewe ni wa kwetu, ningempeleka wapi. Kompyuta zake zikakaa katikati ya majora ya vitambaa. Nyaya zake zikajichanganya na nyuzi zangu, tukawa tunagombana kila siku nani kafunga nini kwenye mguu wa nani. Alichokuwa anatengeneza ni hiki: unafika mahali, unaacha namba yako ya simu, unakwenda zako. Zamu yako ikikaribia, simu inakupigia na sauti inakwambia uje. Basi. Alianza na kinyozi wa jirani, akaja daktari wa meno, baadaye ofisi za maji.

Katikati hapo tuliona mengi. Alikuja bwana mmoja wa suti, mwenye fedha zake, anatafuta pa kuziweka. Akamkuta Waya na kompyuta mapajani, akamwuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Waya akamjibu kwa adabu kabisa, "Ametoka kidogo, lakini niulize mimi, huwa ananiambia kila kitu." Yule bwana akauliza maswali yake yote akajibiwa yote, akaondoka ameacha kadi ampe huyo fundi. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Waya hakucheka sana. Mambo kama hayo yalimchosha kuliko kazi yenyewe.

Sauti ya kwenye simu ikawa yangu. Waya alisema anataka sauti ya mtu ambaye akikuita unaitika kwanza, sababu unauliza baadaye. Sikujua kama nasifiwa au natukanwa. Tulikuwa tunarekodi mle mle chumbani, mimi nimebanwa katikati ya majora, maana vitambaa vinameza mwangwi. Nasema kwa upole kama mhubiri: "Ndugu mteja, zamu yako inakaribia. Tafadhali karibu."

Na kulikuwa na mwiko mmoja kwenye kampuni ile, upo hadi leo: hakuna mfumo unaowashwa mahali kabla simu ya Mama haijalia kwanza. Namba ya Mama ndiyo inayoongoza popote. Akipokea, kazi inaanza. Asipopokea, mtu haruhusiwi kugusa kitufe. Mama alizoea. Alikuwa anasikiliza hadi mwisho, anaijibu ile mashine, "Nimesikia wanangu, Mungu awabariki," kisha anaendelea na mambo yake.

Lakini macho yake ndiyo yalikuwa yanakwenda. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe na kulaumu kikombe. Alisema taa za siku hizi hazina nguvu. Siku moja aliingia dukani kwangu akalisalimia lile sanamu ninalolivalisha magauni. "Habari za kwako, mama." Akasubiri. Halafu akanigeukia akaninong'oneza kwamba wateja wangu wana maringo. Niliitikia nikaenda nyuma, nikamkuta Waya ameshasikia. Tulijua wote wawili kwamba Mama akiendelea hivi atapofuka, na kwamba yale aliyoyaanzisha Waya kwa ajili yake yanawafaa watu wote isipokuwa yeye. Tukigusia kliniki tu, anakumbusha kiapo chake.

Ndipo kliniki ile ile ya macho ikamwita Waya. Wamesikia habari zake kwa daktari wa meno, wanataka kujaribu asubuhi moja. Muuguzi mkuu wa pale, mwanamke mrefu asiye na mzaha, alimwambia mapema: "Wagonjwa wangu hawaitikii hata wakiitwa kwa mdomo. Sidhani kama wataitikia mashine."

Tukarekodi upya. Siku hiyo nilikuwa na magauni ya harusi yananisubiri, joto limejaa chumbani, na Waya hakuridhika na lolote. Mara pikipiki imepita nje, mara nimemeza neno. "Tena, Dada. Tabasamu. Tabasamu linasikika." Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma. "Tena, Dada." Hapo nikafika mwisho. Na kichwani nilikuwa namwona Mama na kile kikombe chake. Nikakishika kipaza sauti nikasema kwa sauti yangu ya kweli, ile wanayoijua wanangu:

"Haya, chumba cha macho, zamu yako imefika. Unasubiri nini, mpaka usione kabisa? Inuka uje, usinifanye nirudie."

Waya alicheka akakaa chini. Akasema hiyo anaihifadhi, atakuwa anaisikiliza akiwa na huzuni. Tukarekodi nyingine ya upole, ikatoka safi, nikarudi kwenye magauni yangu.

Asubuhi ya majaribio nilifunga duka nikaenda naye. Wagonjwa walikuwa wameacha namba zao wametawanyika, wengine kwenye kivuli ng'ambo ya barabara, wengine kwenye vibanda vya chai. Benchi lilikuwa tupu, nikafurahi kuliona hivyo. Waya akabonyeza namba ya Mama. Kwenye kompyuta ikatokea kwamba amepokea, amesikiliza, amekata. Hakujibu chochote safari hii, lakini hilo sisi tungelijuaje. Waya akashusha pumzi, akaruhusu nyingine zifuate.

Mzee wa kwanza alikuja anakimbiza fimbo yake. "Nisamehe mama, nilikwenda kupata maji tu," akamwambia muuguzi. Nyuma yake akaja dada mmoja anacheka peke yake. Halafu wakaja wengine, wote mbio mbio, wote wanaomba radhi. Muuguzi mkuu akakunja uso. "Mmewaambia nini wagonjwa wangu?"

Waya akafungua ile sauti kwenye spika. Nikajisikia, kweupe, mbele ya daktari na wauguzi wote: unasubiri nini, mpaka usione kabisa. Alikuwa ameziweka mbili pamoja, akachukua ile ya hasira. Waya akawa anatafuta ile ya upole, huku anarudia, "Samahani Sista, naibadilisha, naibadilisha sasa hivi."

"Ngoja kwanza," akasema muuguzi. Alikuwa anaangalia mlangoni, foleni ilivyojipanga yenyewe. "Hawa hata mimi hawanifanyii hivi."

Sikupata nafasi ya kufurahi. Teksi ilisimama getini, dereva akashuka akamfungulia mlango mtu na kumshika mkono. Ni Mama. Amevaa gauni lake la kutokea, mkoba kwapani, kapandisha mabega kwa hasira.

"Yuko wapi huyo anayenifokea kwenye simu asubuhi yote hii?" akauliza, anamwuliza mtu asiyemfahamu. Nikamsogelea. Aliposikia sauti yangu akanigeukia. "Mimi nimekuzaa wewe au wewe umenizaa mimi? Eti nisikufanye urudie. Haya, nimekuja. Chumba chenyewe kiko wapi?"

Nikaogopa kumweleza. Maana tungemwambia ni mashine imekosea, angegeuka na teksi ile ile. Na tungemwambia akae benchini, ndiyo kabisa. Waya akawahi. Akamwandikisha, akamwambia zamu yake bado kidogo, akae popote anapopenda. Mama akasema atakaa nje, palipo na hewa. Nikakaa naye kwenye ukuta mfupi karibu na bomba la maji. Kila dakika nilikuwa natazama kama anashika mkoba wa kuondoka.

Simu yake ikalia. Akaweka sikioni. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye, na sauti yangu ikatoka mle ndani inamwambia inuka uje. Mama akashtuka. Akanyoosha mkono wake, akaupapasa uso wangu mpaka akafika kwenye midomo, akauacha hapo.

"Si wewe unayesema?"

Nikatikisa kichwa, kiganja chake kikiwa bado mdomoni. Nilikuwa karibu yake kiasi cha kuhesabu kope zake, na hakuweza kuona kama mdomo wangu umefumba.

"Kumbe," akasema taratibu. Nikajua sasa anaondoka. "Bibi yenu alipofuka hivi hivi," akasema. "Walimwambia hakuna dawa. Sikutaka kuja kuambiwa." Kisha akasimama, akashika mkono wangu. "Twende. Usije ukarudia."

Daktari alimtazama kwa ile taa yake, jicho moja, jicho jingine. Waya na mimi tulisimama ukutani tumeshikana vidole kama wakati wa utoto tukisubiri kuchapwa. Daktari akavuta kiti akakaa mbele ya Mama. "Ni mtoto wa jicho, mama. Macho yako yote mawili. Tunamtoa, unaona."

"Unaona nini?" Mama akauliza.

"Unaona kama zamani."

Mimi nilitoka kwenye korido nikalia kwa kwikwi mbele za watu, na sikuona aibu. Waya alinifuata, akaegemea bega langu, akasema, "Dada, nimechanganya sauti. Mimi, sijawahi kuchanganya kitu." Nikamwambia kile kipande cha redio ya Baba je.

Kliniki ilichukua mfumo, na muuguzi mkuu akashikilia kabisa ile sauti isibadilishwe. Hospitali nyingine zikaisikia zikaitaka hiyo hiyo. Waya akahama chumba changu cha nyuma, mimi nikapata nafasi ya majora, nikamkosa. Wanamwalika kwenye mikutano kueleza alivyofanikiwa, naye huwaambia alianza na mama yake, nao wanadhani anasema tu.

Mama alifanyiwa jicho moja, akapumzika, akafanyiwa la pili. Walipomruhusu alitaka aje kwanza dukani. Waya alikuwepo. Mama akaingia peke yake, hakushikwa mkono, akasimama mbele ya sanamu. Akalitazama juu mpaka chini. "Ndiye huyu aliyekuwa haitikii," akasema. "Na pindo lake umelipindisha." Lilikuwa limepinda kweli.

Kisha akanigeukia mimi. Akanishika kidevu, akaniinamisha kwenye mwanga wa mlango, akanikagua muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "tangu lini una mvi?"

Nikamwinamishia kichwa azione vizuri, nilivyokuwa nafurahi.