Baiskeli Isiyobeba Kitu

Mwaka ule niliamua kwamba mimi ni mwendesha baiskeli wa masafa marefu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, kitambi kimeanza kunitangulia mlangoni, lakini nilikuwa nimetazama video za kutosha kwenye simu. Nikatangaza shuleni kwamba baada ya Pasaka nitatoka Masisi hadi Walikale kwa baiskeli, kwenye ile barabara ya matope ambayo hata malori huinunia. Siku za sikukuu zingekuwa za mazoezi.

Video zilisema adui ni uzito. Basi Alhamisi nikachukua spana nikafungua portbagaji, kile chuma cha nyuma cha kuwekea mizigo na watu. Sikumwuliza mtu. Mke wangu akatoka ndani na mfuko wa maharage wa kumpelekea mama yake Kibabi, nami nilikuwa nimeahidi kumfikisha.

"Kiti yangu iko wapi?"

"Niko nafanya antrenema," nikasema, yaani mazoezi, nikaipigapiga baiskeli. "Hii kinga inapaswa kuwa mwepesi."

Hakugomba. Alisimamisha pikipiki, akapakia maharage yake, akaenda. Kesho yake akapiga simu: harudi.

Mtu mwenye akili angekifunga kile chuma palepale. Mimi nilihesabu milima. Kibabi ilikuwa mbali ya kutosha, kwa hiyo ningemfuata mke na mazoezi yangefanyika humohumo. Jumamosi asubuhi nikavaa kaptula ya kubana, nikaondoka.

Njiani nilipishana na wanaume wanaosukuma baiskeli zilizolemewa na makaa na madumu ya pombe ya ndizi. Kila mmoja aliniuliza swali lilelile: "Papa, unapeleka nini?"

"Hakuna kitu."

Mmoja, wa makaa, alisimama kabisa, akanitazama kwa huruma. "Pole, papa. Wezi walikunyanganya?"

Nilipofika kwa wakwe, mama mkwe aliiona kaptula, akaingia ndani, akafunga mlango. Baba mkwe, mkulima asiyepoteza maneno, alinitupia kitenge nijifunge kiunoni.

"Mukwe, umekuja kufata bibi yako?"

"Ndiyo, papa."

"Utamubeba wapi?"

Nikasema nitaita pikipiki. Akatikisa kichwa. "Alikuja na pikipiki, watu wote waliona. Kurudi, waone bwana yake anamubeba."

Mke wangu alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinua uso. "Kwanza aende afunge kiti yangu, njo arudi."

Nilirudi na njaa yangu. Niliwatukana watu wa video, nikaitukana milima, nikamtukana baba mkwe kimoyomoyo, kwa heshima zote. Karibu na nyumbani hasira iliniishia, ikabaki hofu. Nilimpenda yule mwanamke, na uso wake pale uani ulikuwa umetulia mno. Niliogopa kwamba ameanza kuona raha bila mimi.

Jumapili, wenzangu wakila nyama ya Pasaka, mimi nilikuwa nimepiga magoti uani natafuta bulonji moja, skrubu ya portbagaji, kwenye majani. Niliipata alasiri. Nikaikaza mpaka mkono ukauma.

Jumatatu nilifika Kibabi kwa suruali ndefu. Mke wangu aliitikisa portbagaji mara mbili, akatandika kitenge, akakaa. Kijiji kizima kikatoka kutazama. Tulipofika mlima wa kwanza pumzi ilinikatika, nikamwomba ashuke kidogo.

"Si uko nafanya antrenema?"

Hakushuka. Nikashuka mimi, nikashika usukani, nikasukuma. Kaptula, video, Walikale, vyote vilinitoka kwa jasho siku ile. Katikati ya mlima tukakutana na yule mtu wa makaa. Akanitambua, akacheka.

"Papa, leo unapeleka nini?"

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu, nikalitoa kwa sauti: "Napeleka bibi yangu kwetu!"

Nyuma yangu, mke wangu akarekebisha kitenge chake.

"Musimusikilize," akasema. "Mimi njo niko namurudisha."