Kuta Mbili Zilizonyooka

Juzi, kwenye ghorofa langu pale Katonga, mhandisi mmoja msichana, umri wa binti yangu wa mwisho, alinipandisha hasira niliyodhani nimeizika. Hakunitukana. Alikuwa anatazama timazi, ile kamba yetu yenye kipande cha chuma mwishoni tunayonyooshea kuta, akasema tu, kama mtu anayesema mvua inakuja: "Mzee, unajua kuta mbili zikinyooka kwa timazi, huko juu zinaachana kidogo? Kila moja inaelekea katikati ya dunia."

"Nani kakufundisha?"

"Fizikia ya shuleni tu hiyo, Mzee wangu. Kwa jengo kama hili huwezi hata kuiona."

Ya shuleni! Ndugu yangu, kaa nikueleze.

Mimi niliishia darasa la sita. Usinionee huruma; hesabu maghorofa kutoka mjini mpaka Kasingirima, kisha uniambie ni mangapi hayana mkono wangu. Utotoni nilikaa Ujiji kwa bibi. Asubuhi nilifagia ua, nikateka maji ziwani, nikageuza dagaa mchangani kabla kunguru hawajawafikia. Nyumba ilinukia mawese mpaka kwenye mashuka. Bibi akiunga mgebuka, samaki wetu wa ziwani, jirani yetu fundi mwashi alipata ghafla kazi ya kukagua ukuta wa jiko letu. Yeye ndiye aliyenifunza kushika timazi. "Macho yatakudanganya," alikuwa akisema, "lakini chuma kikining'inia hakijui uongo." Nami nilimuuliza kila kitu, mpaka bibi akacheka: "Mwana wanje, mwanangu we, mdomo wako una njaa kuliko tumbo."

Siku moja, nikiwa hilo darasa la sita, mwalimu wa sayansi alichora duara ubaoni, akalizungushia mishale, yote inaingia ndani. Dunia inavuta kila kitu kuelekea katikati yake, akasema. Nikaona. Wallahi niliona kama ninavyokuona wewe. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, basi kuta mbili za nyumba haziendi sawa. Zikishuka chini kabisa zitakutana."

"Zitakutana wapi? Kichwani mwako?" Darasa likaangua kicheko. "Njoo mbele, profesa wa matope!"

Fimbo sita. Si kwa utundu, si kwa kuchelewa. Kwa kupatia! Kisha akanimalizia: "Rudi ukakanyage udongo, hilo ndilo darasa lako."

Nikarudi kweli. Wiki nzima bibi alifua sare yangu ya shule, akaianika, akaikunja, akaiweka miguuni pangu. Sikuivaa tena. Ameingia kaburini akiamini mjukuu wake alikuwa mzito wa kichwa. Hilo, ndugu yangu, simsamehe yule mtu hata kidogo.

Jana nimeendesha gari langu mpaka pale shuleni. Sijui nilitaka nini. Labda kumvuta kwa kola mpaka ubaoni. Mlinzi akaniambia mwalimu alishafariki zamani. Darasa letu la tofali za kuchoma limebomolewa, pamesimama jipya la bati la bluu. Nilikosa hata ukuta wa kuupiga teke. Fundi naye hayupo. Jiko la bibi limemezwa na ziwa maji yalipopanda. Hakuna aliyebaki wa kuambiwa kwamba mtoto yule alipatia.

Nikarudi Katonga na hasira zangu. Yule mhandisi alikuwa ameinamia ramani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba."

Na hapo swali likanipanda, mimi niliyekaa miaka yote hii bila kumuuliza mtu kitu nisichokijua. Huko katikati kuna nini kinachovuta? Mtu akifika pale, atavutwa upande gani? Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikafungua mdomo. Mafundi wote wakageuka kumtazama tajiri wao.

"Nondo zimefika?" nikasema.