Nywele Juu ya Kovu

Nilipokuwa mtoto mchanga huko Hulugho, degedege lilinishika nusura linimalize. Ayeyo, bibi yangu mzaa mama, alitia chuma motoni akanichoma utosini, kama wafugaji wetu walivyofanya tangu zamani. Nikapona. Kama ni chuma au ni Mungu tu, sijui. Yeye hakuwa na shaka hata chembe. Utosini likabaki kovu laini, lisilo na unywele hata mmoja.

Mgeni akifika, kabla hata chai haijamiminwa, ayeyo alinivua kofia. "Huyu nilimtoa kaburini," alisema, na mgeni alilazimika kutazama. Nilichukia mambo hayo! Shuleni waliniita Uwanja wa Ndege. Hata nilipokuwa karani mwenye tai mjini Garissa, nilibadilisha vinyozi kama nguo.

Basi nikaenda Nairobi kupandikizwa nywele. Ayeyo nilimwambia ni semina. Daktari alizitoa kisogoni, mzizi mmoja mmoja, akazipanda kwenye kovu. Alinionya kwamba ngozi ya kovu haina damu ya kutosha, hivyo nyingine zingekufa. Zote zilianguka kwanza, nikalia mtu mzima mimi. Baada ya miezi zikaota tena, haba, lakini za kutosha. Nikasafiri kwenda kumsalimu ayeyo kichwa wazi, nikijiona bwana harusi.

Alikuwa haoni tena. Nilipiga magoti, akaniwekea mkono kichwani aniombee dua. Vidole vyake vikatafuta kovu, vikarudi nyuma, vikatafuta tena.

"Umefanya nini hapa?"

Nikamweleza yote, hata semina ya uongo.

"Kumbe lilikuwa likikuuma miaka yote hii?"

"Halikuwa likiuma, ayeyo."

"Sisemi ngozi. Mbona hukuniambia? Ningeacha kuwaonyesha watu."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami nilidhani methali hiyo ni yangu peke yangu. Najuta. Heri ningebaki na kipara changu, nichekwe hadi uzeeni, kuliko kusikia alichosema baada ya hapo.

"Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unakufa, na mimi sikujua dawa nyingine."

Mkono ukatoka kichwani, ukashuka begani, akamalizia dua hapo.