Mvinyo wa Kusini na Mbavu za Mbuzi

Mume wangu alikuwa mtu wa mvinyo katika mkahawa wa Kifaransa pale Minneapolis. Kazi yake ilikuwa kuonja, na kuwaambia wenye pesa zao chupa gani iende na nyama gani. Mimi nimeokoka, na natunza wazee. Kila Krismasi alinibembeleza nionje tone moja tu, nami nikamwambia asinizoee. Alikunywa peke yake, mimi na soda yangu mbele yake.

Kisha kiharusi kikamwangusha, na koo likashindwa kumeza. Kinywaji chochote, hata maji, kingeweza kupotea njia kikaingia mapafuni. Alilishwa kwa mrija wa tumboni. Nyumba yetu ya Champlin, nje kidogo ya Minneapolis, ikanuka dawa tu, nami nikawa askari wa mdomo wake. Nilikuwa na hasira naye, na theluji, na kila mtu aliyeniambia nijikaze.

Jumapili moja mchana akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Mama, fungua ule mwekundu wa kusini mwa Ufaransa. Kuna kitu nataka kujua."

"Unataka kufa?"

"Nitatema. Kazini tulikuwa tunatema siku nzima."

Ni kweli walikuwa wakitema. Lakini huyu mzee ni kichwa ngumu, na niliogopa kwamba safari hii amechoka na anataka kuniaga kwa njia ya mkato. Nikakubali shingo upande, kwa sharti kwamba bakuli la kutemea nishike mimi. Naye akatoa la kwake: nichome mbavu za mbuzi zenye mafuta, kwa chumvi na pilipili manga. Chupa niiweke gerejini ipoe kidogo, ila nisiisahau huko ikaganda. Alipenda kutuma watu, hata akiwa kitandani.

Akachukua funda. Akalizungusha mdomoni, amefumba macho, na mimi nikalikodolea koo lake kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Akalitema lote.

"Zeituni," akasema. "Majani makavu. Pilipili. Sasa wewe. Anza nao mtupu."

Nikanywa, Mungu anisamehe. Ulinikausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Nikamwambia, kumbe ndio huu uliokuwa ukinisumbulia miaka yote. Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

"Kula nyama, halafu unywe tena."

Nikauma ubavu, mafuta yakanijaa mdomoni, nikanywa. Ule ukali haukuwepo. Mvinyo ulikuwa umelainika, nyama imekuwa tamu zaidi, na nyuma yake nikazisikia zeituni zake. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa mzuri. Miaka yote hiyo alikuwa akiniita mezani, nami nilidhani ananiita dhambini.

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza daktari. Ndipo akaniambia alichotaka kujua. Anayetema hapati mwisho, alisema. Ladha inayobaki baada ya kumeza ndiyo inayoonyesha mvinyo una thamani gani, na hiyo yeye hataipata tena. Alitaka nimeze kwa niaba yake, nimwambie inakaa kiasi gani.

Nikauma tena, nikanywa, nikameza. Akanishika kwa ule mkono wake mzima.

"Bado ipo?"

"Bado."

Tukakaa. Nje gari la kusukuma theluji likapita, kelele zake zikaishia barabarani.

"Bado?"

"Bado."

Alikuwa amefumba macho, anaonja kupitia kwangu. Kifua chake kilikuwa kinakwaruza. Nimetunza wengi, na sauti hiyo naijua, ni ya kitu kilichoingia mapafuni. Mdomoni mwangu hamkuwa na kitu tena, mate tu.

"Bado?" akauliza.

"Bado, baba," nikasema, nikaubana mkono wake.