Siku ya Kumsifu Shemsa

Mwanamkasi binti Makungu alizoea kusifiwa tangu udogoni, na huenda hilo ndilo lililomponza. Kule Kikwajuni, Unguja, yeye na Shemsa walizaliwa katika nyumba mbili zilizotenganishwa na uchochoro. Mwanamkasi ndiye aliyehitimu Kurani kabla ya watoto wa rika lake, ndiye mwenye hati nzuri, na ndiye ambaye mwalimu wa chuoni alimweka awasomeshe wenziwe waliochelewa. Aliyechelewa kuliko wote alikuwa Shemsa. Aya moja ilimchukua wiki nzima, na kila alipokosea alicheka.

"Hebu nambie tena, Mwanamkasi. Imeniruka."

Mwanamkasi alimwambia tena, na alimpenda sana rafiki yake huyo, kama mtu anavyompenda yule ambaye akisimama karibu naye huonekana mrefu.

Walipokuwa watu wazima, Mwanamkasi alitangulia kuondoka. Mwaka 1967 alimfuata mumewe Khatib huko Birmingham, Uingereza, ambako mume alipata kazi katika kiwanda cha kusubu vyuma, wakakaa mtaa wa Acocks Green katika nyumba nyembamba iliyotikisika kila treni ilipopita. Mwaka uliofuata Shemsa naye akaja na mumewe Ussi. Walifikia kwa Mwanamkasi, wakalala chumba cha mbele majira yote ya baridi.

Miezi ile Mwanamkasi aliikumbuka baadaye kama watu wanavyoikumbuka sikukuu. Yeye ndiye aliyemwonyesha Shemsa jinsi ya kuwasha hita ya mafuta ya taa isifuke moshi, jinsi ya kuvaa soksi mbili, na jinsi ya kusimama foleni bila ya kumsogelea mtu mgongoni. Shemsa alikodoa macho kwa kila kitu.

"Mashallah, shoga yangu, wewe umeshakuwa mwenyeji! Ningekuwa peke yangu ningeshakufa kwa baridi."

Mwanamkasi akijibu, "Utazoea tu," huku moyoni akiomba asizoee haraka.

Alizoea haraka. Kiingereza Mwanamkasi alikisoma mpaka sekondari na sarufi aliijua, lakini dukani alinong'ona na kuonyesha kwa kidole, akiogopa wenyewe wasije wakamcheka matamshi. Shemsa alikuwa na maneno ya kuhesabu, na yote aliyatupa kwa sauti kubwa. "Fish! Big one! Na kichwa chake, please!" alimwambia muuza samaki, akijishika kichwa chake mwenyewe. Muuza samaki akacheka, Shemsa akacheka, na samaki akatoka na kichwa. Mwanamkasi alisimama pembeni, uso unamwiva kwa aibu. Haukupita muda yule muuza samaki akalijua jina la Shemsa. Siku moja Mwanamkasi alipoingia peke yake, yule bwana alimtazama akijaribu kumkumbuka, kisha uso ukamchangamka: "Ah! Rafiki yake Shemsa!"

Siku hiyo alirudi nyumbani bila ya kununua samaki.

Shemsa na Ussi walipopata nyumba yao Hodge Hill, Mwanamkasi alidhani sasa atapumua. Lakini mwaka 1971 Shemsa akaja na jambo jipya: anataka kujifunza kuendesha gari. Wakati ule, katika wanawake wote wa Unguja na Pemba waliokuwa pale mjini, hakuna aliyekuwa akiendesha. Hata Khatib hakuwa na leseni.

"Wewe?" alisema Mwanamkasi. "Wewe baiskeli ilikushinda."

"Ilinishinda kweli," Shemsa akakubali. "Lakini gari lina magurudumu manne, halianguki."

Mwalimu wake alikuwa Gurdev, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Mara moja Shemsa alimwomba Mwanamkasi amsindikize, akakaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara pale madukani Acocks Green, gari likazimika. Nyuma yao basi likapiga honi, na nyuma ya basi magari yakaanza kupanga mstari.

"Mama, pole pole klachi," alisema Gurdev akipangusa jasho. "Si wewe nakanyaga nyoka. Wewe naachia kidogo-kidogo."

Gari likaruka, likazimika tena. Watu wa kituo cha basi waligeuka wote kutazama. Mwanamkasi alijiinamia ili asionekane, na huko alikoinama akagundua kitu kilichomtisha: alikuwa anafurahi. Roho ilimtulia kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya siku nyingi. Mbele yake Shemsa aliteremsha kioo, akatoa mkono, akawapungia watu wa basi. "Sorry, sorry! Learning!"

Mtihani ulimshinda mara ya kwanza. Ukamshinda na mara ya pili. Kila mara Mwanamkasi alikwenda Hodge Hill na mkate wa kumimina uliopikwa ukaiva vizuri, akamkalisha rafiki yake, akampapasa mgongo. "Usijali, shoga. Si kila mtu kaumbiwa mambo haya." Hakuwahi kumfariji mtu kwa mapenzi kama alivyomfariji Shemsa siku zile. Mara ya tatu Shemsa akapasi. Alipiga hodi na kiatu kimoja tu mguuni, kingine kimemvuka kwa mbio za furaha, na Mwanamkasi akasema, "Hongera," neno likamkwama kooni kama mwiba. Siku hiyo hapakuwa na mkate.

Ussi alinunua gari kuukuu la kijivu, Morris, na mambo yakabadilika mjini. Mwanamke akiumwa, "Mwiteni Shemsa." Mtoto akitakiwa kupelekwa kliniki, "Mwiteni Shemsa." Mwanamke akifariki na watu wa kumwosha wako upande wa pili wa mji, Shemsa huwakusanya mmoja mmoja milangoni. Hospitali alijuana na Peninah, muuguzi kutoka Kenya aliyekaa Harborne, na wawili hao wakawa kama chanda na pete: Shemsa huleta wagonjwa wasiojua lugha, Peninah huwaeleza daktari anasema nini. Mwanamkasi alipokea habari hizi zote huku akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Halafu ikaja zamu yake. Asubuhi moja ya theluji, mwaka 1974, uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Khatib alikuwa kiwandani. Jirani Mzungu aliyegongewa ukuta alitoka akaangalia barabara nyeupe, akasema gari la wagonjwa litachelewa, na bila ya kuulizwa akakimbilia simu ya barabarani na namba ya Shemsa. Hata yeye alikuwa nayo.

Shemsa alifika na koleo ndani ya gari. Mahali gari lilipokwama, alishuka akachimba, akarudi, akaendelea. Mwanamkasi nyuma aliuma mtandio wake asipige kelele, si kwa maumivu peke yake.

"Piga ukelele, shoga, hapa tuko wenyewe!"

"Tazama barabara," alijibu Mwanamkasi kwa meno.

Mtoto, msichana, alizaliwa mara tu walipofika. Na Khatib, aliyekuja mbio na masizi ya kiwanda usoni, hakuwa na shaka hata kidogo juu ya jina.

"Ataitwa Shemsa."

Mwanamkasi alifumba macho. "Tumwite jina la mama yako."

"Mama yangu hakuchimba theluji. Kwani una neno na Shemsa?"

"Sina neno."

"Basi?"

Mtoto akaitwa Shemsa, na mwenye jina akalia kwa furaha, akaleta pete ya kitoto na shali ya sufi. Toka siku ile Mwanamkasi alimwita binti yake Mami. Alimwita Mami akimnyonyesha, Mami akimkanya, Mami mbele ya wageni, na watu wakadhani ni mapenzi tu.

Mwaka 1977, Peninah akaja Acocks Green na wazo. Wanawake wa Unguja, wa Pemba na wa Kenya wanataka kumwandalia Shemsa shughuli ya kumshukuru. Ukumbi umepatikana, wa kanisa moja, na mchungaji amekubali nyama ipikwe na Waislamu wenyewe.

"Sasa dada, tunataka wewe ndio uongee," alisema Peninah. "Sisi tumemjua juzi tu. Wewe ndio mlikua na yeye. Utuambie alikuwa mtoto wa aina gani."

Mwanamkasi alikubali upesi mno. Siku zote zilizofuata, akikuna nazi, akipiga pasi, alikuwa akitafuta la kusema, na akalipata. Lilikuwa kweli tupu, hakuna atakayemlaumu. Angewaeleza ile siku ya maulidi, Shemsa alipopewa qasida asome mbele ya watu akaisahau. Wamjue. Wajue na nani alikuwa anajua.

Ukumbi ulijaa. Harufu ya pilau ilichanganyika na harufu ya nta ya sakafu, na watoto walikimbizana chini ya meza wakipigiana kelele za Kiingereza. Shemsa alikaa mbele, amevaa gauni la kijani, mikono haijui pa kukaa. Mwanamkasi akasimama.

"Huyu mnayemwona," alianza, "tulikuwa naye chuoni, na alikuwa mzito. Mzito kweli kweli." Watu wakacheka kidogo. "Siku moja ya maulidi akasimamishwa asome qasida. Uwanja mzima umejaa, wakubwa wamekaa mbele. Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili hana. Kimya. Mimi nikiwa yeye ningetamani ardhi ipasuke. Mnajua alifanya nini? Akageuka nyuma, akasema kwa sauti, kila mtu anasikia: 'Mwanamkasi, nimesahau, nianzie.' Nikamwanzia. Mstari mmoja, akausoma. Akageuka tena: 'Na huu?' Nikamwanzia. Mpaka mwisho! Qasida nzima niliisoma mimi, yeye anairudia tu."

Alingojea. Kilichokuja ni vigelegele. Mwanamke mmoja wa Pemba alipiga meza kwa mkono: "Ndiye huyo huyo! Hajabadilika!" Peninah alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Kila mmoja akaanza kusimulia jinsi Shemsa alivyowahi kusimamisha polisi kuwauliza njia, alivyomuuliza daktari jambo lile lile mpaka akalielewa. Hadithi aliyoileta kumshusha ilikuwa imempandisha, na Mwanamkasi alisimama pale na kisahani cha karatasi mkononi, hana pa kuiweka.

Kisha Shemsa akainuka. "Ni kweli yote," alisema. "Mimi kila ninachokijua nimefundishwa na yeye. Kusoma, kuwasha moto, kupanda basi la nchi hii. Kama kuna wa kushukuriwa, mshukuruni na yeye."

Watu wakampigia makofi Mwanamkasi. Miaka mingi alikuwa akiyangoja maneno yale, na sasa yametolewa mbele ya umma, bila ya kuombwa, na yalimchoma kuliko matusi. Hata hili, Shemsa alikuwa nalo la kugawa.

Jioni Shemsa alimrudisha nyumbani. Mami alilala nyuma, mdomo una mafuta ya pilau. Walipofika mlangoni Mwanamkasi hakushuka. Alitazama mbele, akasema kitu ambacho hakukipanga.

"Nakuonea kijicho, Shemsa."

Shemsa alizima gari. "Najua."

"Unajua?"

"Najua, na nimechoka kujua." Sauti yake haikuwa ile ya ukumbini. "Wewe unadhani kijicho kinakula mwenye nacho tu. Mimi kila nikipata kitu, kabla ya kufurahi, nauwaza uso wako. Nikipasi, uso wako. Gari, uso wako. Nimempa Khatib ruhusa ya jina langu huku roho inaniuma, kwa sababu nilijua utachukia. Sijawahi kufurahi jambo zima, Mwanamkasi. Kila siku nusu. Nusu nyingine ni ya kukuogopa wewe."

"Mimi? Unaniogopa mimi?"

"Shuka, tafadhali. Nataka kwenda kwangu."

Mwanamkasi akambeba mwanawe akashuka. Hakupata kufikiri, katika miaka yote ile ya kumtazama Shemsa, kwamba na Shemsa alikuwa akimtazama yeye. Alikaa jikoni na koti lake mwilini. Alijaribu kuona haya ikawezekana, alijaribu kutoona kijicho ikashindikana. Hata pale, na machozi yanamtoka, sehemu fulani ya moyo wake ilinong'ona: tazama, hata kwa kusema kweli amekushinda.

Hawakuonana kwa muda mrefu. Khatib aliuliza, akajibiwa kwamba kila mtu ana shughuli zake. Majira ya baridi yakaja yakapita.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja, hodi ilipigwa Acocks Green. Shemsa alikuwa mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakuingia.

"Nimepata kazi," alisema. "Kuendesha basi dogo la kuwachukua wazee, kuwapeleka kituo chao cha kushindia mchana. Nimesema usije ukasikia kwa watu."

Halafu macho yake yakapanda usoni kwa Mwanamkasi, na Mwanamkasi akaona jinsi mwenzake alivyokuwa akiyashikilia mabega, kama mtoto anayengojea fimbo. Kijicho kilikuja pale pale, cha moto, kama kawaida yake. Angeweza kusema hongera ile ya mwiba. Angeweza kutabasamu kwa meno.

"Kinaniuma," alisema Mwanamkasi. "Wallahi kinaniuma, hapa. Na nakufurahia. Vyote viwili. Siwezi kukupa kimoja bila ya kingine."

Shemsa alimtazama. Kisha mabega yakamshuka, akacheka kile kicheko chake kikubwa mpaka jirani akafungua pazia.

"Basi nipe vyote," alisema. "Na chai, maana nimeganda."

Mwanamkasi alimvua koti, akalitundika, akaenda kuinjika birika. Kutoka jikoni aliuliza, kwa sauti ambayo bado ilikuwa na ukali kidogo, basi lenyewe ni kubwa kiasi gani, na kama wanampa sare.

"Wananipa," Shemsa alijibu. "Ya buluu. Na kofia."

"Na kofia!" Mwanamkasi alilirudia neno lile mbele ya birika, akafumba macho kidogo, kisha akatoa vikombe vizuri.