Laptop Nyepesi na Kioo cha Pili

Muhula wangu wa kwanza chuoni Mbeya nilipata sapu, mtihani wa marudio, ya somo la kuandika programu, na kilichoniangusha ni nukta. Nina ualbino. Macho yangu hayaoni mbali na hayatulii mahali pamoja. Mhadhiri alipoonyesha programu ukutani kwa projekta, mimi niliyekaa kiti cha mbele kabisa niliona mistari myeupe tu ikielea. Nikawa nanakili kwa kubahatisha. Penye nukta mkato niliweka nukta mbili, penye mabano ya duara niliweka ya mraba, na kompyuta haimhurumii mtu wa namna hiyo. Hata kompyuta zenyewe zilikuwa za maabara, tukitumia wawili wawili, na mwenzangu alipenda herufi ndogo.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani Ihanda nikamweleza mama. Mama ni mkulima wa kahawa. Hajawahi kuwasha kompyuta. Alinisikiliza huku anachambua maharage, kisha akauliza jambo ambalo chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Lile darasa ungepewa wewe ulipange, ungefanyaje?"

Nikafikiri. "Ningeusogeza ukuta uje mezani kwangu."

"Basi tukautafute huo ukuta."

Nikamfafanulia. Nilihitaji laptop yangu mwenyewe, na pembeni yake kioo cha pili, chembamba, cha kubeba kwenye begi. Nikikuza herufi kama macho yangu yanavyotaka, kioo kimoja hubeba mistari michache tu, mingine yote inapotea. Kazi ya mhadhiri ingekaa kwenye kioo kimoja, yangu kwenye kingine. Mama alikuwa ameuza kahawa na alikusudia kuezeka jiko upya. Jiko likasubiri.

Tulikwenda Tunduma, mjini mpakani, siku ya Alhamisi, mimi nimevaa kofia pana na mikono mirefu. Malori yalikuwa yameziba barabara tangu Mpemba, tukashuka kwenye basi tukamalizia kwa bajaji za njia za ndani. Duka tulilolichagua lilikuwa jembamba, limejaa simu na kompyuta hadi darini. Muuzaji, kijana wa rika langu, alinitazama mara moja, kisha akamgeukia mama.

"Mama, anataka ya aina gani?"

"Nani?"

"Huyu binti."

"Ana mdomo. Muulize mwenyewe."

Kijana akaona aibu. "Samahani, dada. Karibu."

Akatoa laptop kubwa nyeusi yenye taa za rangi chini ya vitufe. "Hii ndiyo ya watu wa IT. Mashine hasa." Wenzangu darasani walikuwa wamenishauri hivyo hivyo: chukua yenye nguvu, kioo kikubwa. Nami moyo ulishakwenda huko. Lakini kioo chake kiling'aa kama cha kujitazamia. Nilipokikaribia niliona kofia yangu na taa ya darini kabla ya kuona maandishi.

Mama aliiomba, akaitia kwenye begi langu pamoja na chaja yake iliyokuwa kama tofali. "Livae, tembea mpaka pale kwenye mashine ya kusaga, urudi."

Muuzaji akacheka, ila akaniruhusu, naye akatoka kunifuata kwa macho. Niliporudi mabega yalikuwa yananiuma.

"Kutoka hosteli mpaka darasani ni mwendo gani?" mama akauliza.

"Nusu saa."

Akaitoa begini, akairudisha mezani. "Hii si yako."

Nilikasirika. Nilimwambia mbele ya watu, "Mama, wewe kompyuta huzijui."

"Sizijui," akasema bila kupandisha sauti. "Wewe nakujua."

Muuzaji alijifanya anapanga nyaya, kisha akaleta nyingine: ya mtumba, ya kijivu, nyembamba, iliyowahi kutumika ofisini. Kioo chake hakikuwa na mng'ao, hakirudishi mwanga. Nilitaka kuidharau. Nikafungua ukurasa mtupu nikaandika alama zote zilizonitesa: nukta mkato, nukta mbili, mabano ya kila aina. Nikazikuza. Mama alisimama ubavuni, hatazami kioo, ananitazama mimi.

"Umeinama," akasema. Nikakuza tena. "Bado." Nikakuza mara ya tatu. "Sasa umekaa kama mtu."

Na alama zote nilikuwa nazisoma.

Nilimuuliza muuzaji kama ramu, kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi, inaweza kuongezwa, akasema ataongeza hapo hapo. Tukaichomoa chaji, tukaiacha ikicheza video, tukaenda kula wali maharage ili tuone betri itashuka kiasi gani. Tulirudi baada ya saa nzima. Ilikuwa imeshuka kidogo tu.

Kikaja kioo cha pili. Kilikuwa chepesi kama daftari kubwa, na jalada lake lilijikunja likawa mguu. Muuzaji akachomeka waya. Kikawaka, kikaandika kwamba hakuna picha. Akabadilisha waya, hali ikawa ile ile. Akaanza kusema huenda kioo ni kibovu, atuletee kingine wiki ijayo. Nikatoa simu, nikatumia kamera yake kukuza matundu ya pembeni ya laptop, nikasoma alama moja baada ya nyingine.

"Kaka, hili tundu linapitisha chaji na mafaili, picha halipitishi. Una waya wa HDMI? Tundu lake ni hili hapa."

Alikuwa nao. Kioo kikajaa picha. Tangu hapo hakumgeukia mama tena. Aliniuliza mimi, hata akaniomba nimwangalizie laptop nyingine iliyogoma kuwaka. Nilimwambia hiyo siijui.

Kwenye basi la kurudi kondakta alitaka begi liwekwe juu. Mama akalipakata mpaka Ihanda.

Chuo kilipofunguliwa nilimfuata mhadhiri ofisini kwake, nikamwomba awe anaituma picha ya kioo cha kompyuta yake kwenye yangu anapofundisha, kwa mtandao wa darasani. Akaivuta kompyuta yake karibu.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Sikujua kama inawezekana, mwalimu."

Ilichukua dakika chache kupangwa. Somo la kwanza niliandika kila mstari, na programu ikakubali kufanya kazi nilipoijaribu mara ya pili. Sapu niliifaulu, kwa alama ya kawaida tu. Wiki ya matokeo hayo mwenzangu wa maabara alihamia kiti cha jirani, akawa anasomea kwenye kioo changu, kwa sababu na yeye, kumbe, ukutani alikuwa haoni vizuri.

Nilimpigia mama kumweleza.

"Kile kioo cha pili kinafanya kazi?"

"Kinafanya, mama. Hata wenzangu wanakisomea."

"Wasome," akasema. "Ila usikiazimishe."