Mwalimu Wetu wa Kutafuta Nyumba

Jumamosi ile, kwenye foleni ya kutazama nyumba pale Flatbush, Brooklyn, nilikutana na mtu ambaye sikumtarajia kabisa. Bwana Pettway. Yaani mwalimu wetu!

Ngojeni niwaeleze.

Mimi na binti yangu Kiara tulikuwa na miezi kumi na moja kwenye kituo cha wasio na makazi. Nilikuwa na barua ya jiji, ile inayosema ukipata nyumba, jiji litakulipia sehemu kubwa ya kodi.

Barua inaisha Jumatatu. Ikiisha, unaanza upya.

Pettway ni mfanyakazi wa kituo. Kila Jumanne anatukalisha kutufundisha kutafuta nyumba. Tai shingoni, kidole juu.

"Dada Rochelle, barua usiitaje! Wakiisikia tu, utaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Tabasamu, piga stori, barua itoe mwishoni."

Nikamfuata, mjinga mimi. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma. Nikitoa barua, mlango unafungwa.

"Hujitumi, dada," ananiambia.

Mimi? Nafagia hospitali siku sita kwa wiki!

Sasa pale foleni nikamuuliza, "Umekuja kunisindikiza, bwana?"

"Namtafutia mtu nyumba," akajibu, macho pembeni.

Haya.

Mwenye nyumba, Madam Clervil, mama wa Kihaiti, akamwita yeye kwanza. Mlango wazi, naona na kusikia kila kitu. Mwalimu akachekacheka, akasifia mapazia, akasema kodi atajilipia mwenyewe.

"Vizuri. Nionyeshe mshahara wa mwaka. Uwe kodi ya mwezi mara arobaini, kama kawaida."

Jamaa akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi.

Karatasi ile naijua hata gizani. Barua ya jiji! Madam akaisoma kwa sauti: kumbe mwalimu naye analala kituoni, kituo kingine huko Queens!

"Kwa hiyo unanidanganya ndani ya nyumba yangu?" Madam Clervil akafoka. "Hela ya jiji naitaka, haichelewi. Muongo simtaki. Anayefuata!"

Nikaingia, nikaiweka barua mezani hata kabla ya salamu.

"Natoka kituoni, mama. Nina mtoto mmoja. Hii inaisha keshokutwa."

"Mtoto ana kelele?"

"Sana."

"Angalau wewe unasema kweli." Akatafuta kalamu.

Jumatatu, wa kunijazia fomu ya kuhama alikuwa nani? Pettway. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mpaka machozi yanitoke.

Akaandika weee, kisha akanong'ona, "Dada, yule mama hana nyumba nyingine?"

Kicheko kikagoma kutoka. Nikaona hasira tu, wala si kwake yeye.

Basi funzo langu ni hili. Ukifundishwa kutafuta nyumba, muulize mwalimu anaishi wapi. Akishakujibu, nenda kawaulize waliomwajiri wanamlipa nini.